Deni la Fedha na Jina la Mtu

Tuseme mama mmoja wa Kondoa, wakati wa palizi, ghala likiwa tupu na alizeti ingali shambani, anakopa shilingi 50,000 kwa njia ya simu. Siku ya kulipa inapita. Kesho yake mama mkwe wake, katekista wake, hata fundi aliyemshonea nguo mwaka juzi, wote wanapata ujumbe wenye picha yake: huyu ni mwizi. Watu wamekwisha kuipa mikopo ya namna hii jina lake, kausha damu.

Je, mdai huyu amekosa? Wapo Wakristo wema wanaojibu upesi: “Si kweli anadaiwa? Basi na asemwe.” Jibu hilo halitoshi. Amri ya nane hukataza kusingizia, yaani kumzulia mtu asilotenda. Lakini hukataza pia kusengenya, yaani kufunua kosa la kweli la mwenzako, pasipo sababu ya haki, kwa watu wasiolijua. Mdai wetu ametenda yote mawili: deni, ambalo ni kweli, amelitangaza kwa wasiohusika, na aliyechelewa amemwita mwizi.

Deni ni lazima lilipwe. Amri ya saba haikufutwa na simu, wala hatumtetei anayetupa laini yake makusudi ili asionekane. Lakini anayekudai fedha anakudai fedha, hakudai jina lako. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mdai aliagizwa asiingie nyumbani mwa mkopaji kuchukua rehani, bali asimame nje, aletewe. Siku hizi simu ya mtu ni nyumba yake.

Watasema: alibonyeza mwenyewe “nakubali”. Alibonyeza, tena kwa shida. Mama mkwe je, alikubali lini? Hakuna awezaye kuweka rehani jina na namba ya mwingine.

Serikali nayo imeliona jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi lililozikusanya tu. Na Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyofanya kazi bila leseni. Aliyetukanwa asiufute ujumbe kwa aibu. Autunze, aende polisi, apeleke malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Twamfikiria zaidi yule wa tatu, aliyeletewa ujumbe. Mkopeshaji anamtegemea yeye. Pasipo masikio yake na ulimi wake, fimbo ile haina mpini. Akiupeleka kwa wanajumuiya wenzake, hata kwa maneno ya “tumwombee”, ameifanya kazi ya mdai bila ujira. Mama mkwe anaweza kunyamaza mchana kutwa, na jioni, wakiwa wawili tu jikoni, amwulize mkaza mwanawe amebakiza shilingi ngapi.