Amana ya Majabali

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu, na tunamtakia Mtume wake rehema na amani. Amma baad.

Ndugu zetu, tulipokwenda kuwazuru Waislamu wenzetu wa Karagita, kando ya ziwa la Naivasha, tulipelekwa kuyatazama majabali ya Hell's Gate, yaliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1984. Juu ya jabali lililosimama kama ukuta tulimwona mbuzi mawe. Jina lake ni la mbuzi, walakin kwa nasaba yeye ni katika jamii ya paa. Kimo chake begani ni kama nusu mita tu. Hukanyaga kwa ncha za kwato, na kwato zote nne zaweza kukusanyika juu ya kijiwe kidogo. Nywele zake ni nene, zina uwazi ndani, nazo humkinga na baridi na jua. Kwa maumbile hayo, huko Kilimanjaro amepata kuonekana juu ya mita 4,000. Ametakasika Aliyempa kila kiumbe umbo limfaalo!

Na tuuzingatie mwenendo wake. Dume na jike hukaa pamoja miaka yao katika eneo lao. Mmoja alapo majani, mwenziwe husimama mlinzi. Wakimwona adui, wote wawili hupiga mbinja. Ni wangapi katika sisi wazilindao nyumba zao hivyo?

Jabali humwokoa na chui, lakini halimwokoi na waya wa mtego uliofichwa kichakani, pale ashukapo kula. Na akiharibiwa makao hayo, hana pa kuhamia.

Wako wasemao: "Huyu ni mnyama wa mwitu, hana mwenyewe, na nyama ya paa ni halali." Twawajibu hivi. Kwanza, ni kweli kuwa asili yake ni halali. Walakin aliyenyongwa na mtego akafa kabla ya kuchinjwa ni mzoga, na mzoga ni haramu kwa nassi ya Qur'ani. Pili, uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 1977, na Mwislamu hutimiza ahadi ya nchi aishimo katika jambo lisilo maasi. Tatu, tumefundishwa katika Kitabu kuwa wanyama nao ni umma mfano wetu. Mwenyewe yuko, naye ni Mola wao. Sisi tumewekewa amana tu.

Basi msiseme kuwa haya ni ya watu wa bara, hayatuhusu sisi wa mwambao. Nyama husafiri, na mtego hutegwa kwa sababu yuko mnunuzi. Auziwaye nyama kwa bei ya kutupa na aulize: imechinjwa wapi, na nani? Asipopata jibu, na aiache. Kuiacha ni kheri kwa dini yake, na ni uhai kwa mnyama asiyeweza kujitetea.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu wa amana zake. Amin.