Siri Zetu na Watunzaji Wake

Katika mambo yaliyotuenea siku hizi, wakubwa kwa wadogo, ni kuweka siri zetu zote ndani ya simu. Humo mna fedha zetu za M-PESA, mna hati za nyumba zilizopigwa picha, karatasi za daktari, barua za kazi, na maneno ya faragha baina ya mtu na mkewe. Kila mlango katika milango hii wataka neno lake la siri, na kichwa cha mwanadamu hakichukui maneno arubaini yasiyofanana. Kwa hivyo wengi wetu hushika neno moja, aghlabu jina la mtoto au mwaka wa kuzaliwa, wakafungia milango yote. Mwizi akilipata katika mlango mmoja, ameipata nyumba nzima.

Kwa kuondoa taabu hii zimetengenezwa programu za kutunza maneno ya siri. Programu hubuni neno gumu kwa kila mlango, huyaweka yote katika sanduku moja, na mwenyewe hubakiwa na neno kuu moja tu la kukumbuka. Jambo hili ni jema, lakini laleta masuala mawili: je, ni wajibu mtu kujisumbua na haya? Na ikiwa ni wajibu, ni nani afaaye kukabidhiwa sanduku hilo?

Ama suala la kwanza, twawasikia wengi wakisema: "Mimi sina la kuficha." Twawajibu kuwa kufunga mlango si dalili ya uovu. Mwenye nyumba hutia pazia, na mgeni hupiga hodi akangoja, wala hapana amdhaniaye mwenye nyumba kuwa ana kosa analolificha. Tena, na hili ndilo zito zaidi, yaliyomo simuni mwako si yako peke yako. Mna namba za jamaa na jirani, mna khabari ya ugonjwa wa rafiki, mna deni la mtu aliyekutaka usimwambie yeyote. Hizo ni amana. Na wanavyuoni wa sheria, katika mlango wa wadia, wamebainisha kuwa aliyewekewa kitu yampasa akihifadhi mahali pafaapo kuhifadhiwa kitu mfano wake. Akifanya hivyo kisha kikapotea, hana dhamana. Ama akipuuza, dhamana iko juu yake. Basi asiyekuwa na la kuficha aweza kusamehe haki yake mwenyewe, lakini haki ya mwenziwe hana amri ya kuisamehe.

Mfano tunao hapa kwetu Kenya. Pametokea programu za mikopo zilizosoma namba za watu simuni mwa mkopaji. Naye akichelewa kulipa, hupigiwa simu ndugu na jirani wasiojua lolote juu ya deni hilo. Mwezi wa Septemba 2023 Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia vitisho. Aliyebonyeza "kubali" ni mmoja, walioudhiwa ni wengi. Kweli, kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 chatambua haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yaihifadhi. Lakini aghlabu sheria huja baada ya siri kutoka, na maji yakimwagika hayazoleki.

Ama suala la pili, twaona wengi huchagua mtunzaji kwa ukubwa wa jina lake, au kwa kuwa hatozi kitu. Hizo si alama za uaminifu. Sisi twaziona alama tatu.

Ya kwanza ni kuwa mtunzaji mwenyewe asiweze kuyaona anayoyatunza. Ziko programu ambazo sanduku hufungwa humo humo simuni mwako kwa neno kuu lako, kisha ndipo lipelekwe. Likimfikia mtunzaji ni fumbo tupu. Pengine mtu atauliza: asiyeweza kukhini asifiwa kwa uaminifu gani? Twasema kuwa asifiwa kwa kuukataa ufunguo tangu siku ya kwanza. Bawabu aliyemwachia mwenye mali ufunguo wake ni bora kuliko yule aushikaye akaapa kuwa hatautumia. Huyu wa pili leo huenda akawa mwema. Lakini wafanyakazi hubadilika, kampuni huuzwa, na kiapo cha aliyeondoka hakimfungi aliyekuja.

Ya pili ni kuwa akubali kukaguliwa. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika kuwa mtambo wa kufungia siri wapasa kubaki salama hata ukianguka mkononi mwa adui, ikiwa ufunguo peke yake haujulikani. Kwa kanuni hii, fundi wa kweli haogopi kuionyesha kufuli yake. Programu kama KeePass na Bitwarden zimeweka maandishi ya utengenezaji wake wazi, mjuzi yeyote ayasome. Uwazi huo haumaanishi kuwa hazina kasoro. Wamaanisha kuwa kasoro yaweza kuonwa na asiyekuwa mtumishi wa kampuni. Wala kutaka ushahidi si dhana mbaya. Deni huandikwa baina ya ndugu, na hapana aliyetuhumiwa.

Ya tatu ni kuwa aseme kweli yanapomfika. Mwezi wa Agosti 2022 kampuni ya LastPass ilitangaza kuwa imeingiliwa. Mwezi wa Desemba ikaeleza kuwa nakala za masanduku ya wateja zimechukuliwa. Na mwaka 2023 ikabainika kuwa adui alipitia katika kompyuta ya nyumbani ya mhandisi mmoja. Maneno ya siri yalikuwa yamefungwa, lakini anwani za tovuti za wateja zilikuwa wazi. Hapa pana mafunzo mawili. Khabari ijayo vipande vipande humchelewesha mwenye mali kujihami. Na lilipoibwa sanduku, kilichobaki kumlinda mtu ni neno kuu lake mwenyewe: mwenye neno dhaifu alikuwa hatarini, na mwenye neno madhubuti alibaki na ngome yake.

Basi neno kuu ni juu yako, wala hapana kampuni itakayokubebea mzigo huo. Usilitoe katika methali wala wimbo, kwa kuwa yajulikanayo na watu hukisiwa na mashine. Mwaka 1995 Arnold Reinhold alitoa njia nyepesi: orodha ya maneno 7,776, na kila neno huchaguliwa kwa kutupa dadu tano. Maneno sita yaliyopatikana hivyo hukumbukika, na kuyakisia ni kazi isiyokwisha. Yaandike katika karatasi, uiweke pamoja na hati zako, na umjulishe mtu mwaminifu mahali ilipo, ili siku utakapoondoka warithi wajue madeni yako na haki zako.

Mwisho, twawausia ndugu zetu kila mmoja aifungue simu yake usiku wa leo, atazame ni programu gani amezipa ruhusa ya kusoma namba za watu, na kwa haja gani. Tochi haina haja ya kumjua shangazi yako. Isiyokuwa na haja inyang'anywe ruhusa, kwani walioandikwa humo hawakuulizwa walipoingizwa, na hawana wa kuwatetea ila mwenye simu.