Je, Nia Njema Yatosha?

Ndugu msomaji, kila ufikapo mwezi wa Julai, huku Uingereza ninakofundisha, shule hufungwa na vijana wa miaka 16 na 17 hufunga mizigo kwenda nchi za mbali kujitolea. Wengine huja Afrika Mashariki, wengine huenda Nepal, wengine Kambodia. Wamechangisha fedha mwaka mzima kwa kuosha magari na kuuza keki, na wazazi wao wamejaza pengo lililobaki. Huko waendako wataambiwa wapake rangi darasa, wajenge ukuta, au wacheze na mayatima kwa wiki mbili. Wamo na vijana wa Kiislamu miongoni mwao. Nawe usomaye haya huenda ukawa ndiwe mwalimu mkuu wa shule itakayowapokea, au mzazi wa mtoto atakayepakatwa na kupigwa picha. Kwa hiyo jambo hili lakuhusu.

Mtu akizihoji safari hizi, jibu huwa moja tu: nia yao ni njema. Nasi Waislamu tu wepesi wa kulikubali jibu hilo, kwani twaijua Hadithi iliyowekwa mwanzoni kabisa mwa Sahihi Bukhari, ya kwamba amali huhesabiwa kwa nia. Ni kweli tupu. Lakini Hadithi hiyo yazungumzia malipo ya mtendaji mbele ya Mola wake. Haisemi kwamba ukuta uliojengwa kombo utasimama kwa kuwa mjenzi alikuwa na moyo safi. Kurani Tukufu itajapo imani, aghalabu huiambatanisha na amali saleha. Na neno hilo saleha si wema mtupu. Ndani yake mna maana ya kitu kinachofaa, kilichowekwa mahali pake na kwa wakati wake. Kumpa maji mwenye kiu ni amali saleha. Kumpa maji yale yale mtu anayezama si saleha, hata ukimpa huku unalia kwa huruma.

Mwaka 2014 mwanamke mmoja wa Marekani aliandika habari za safari aliyoifanya Tanzania alipokuwa mwanafunzi wa shule ya bweni. Kila mmoja alilipa dola 3,000: wiki moja ya kujenga maktaba katika nyumba ya mayatima, kisha wiki ya pili ya kutazama wanyama. Wasichana wale hawakujua kupanga matofali. Basi kila usiku mafundi wenyeji waliyabomoa yaliyojengwa mchana na kuyapanga upya, ili asubuhi wageni wasitambue. Adabu hiyo twaifahamu sote, mgeni hatahayarishwi. Lakini tafakari, ndugu yangu: fundi stadi afanya kazi gizani ili asiyejua kazi aonekane amefanya kazi. Kama haja ilikuwa maktaba, nauli ya wasichana wawili watatu ingewaajiri mafundi wale wale mchana kweupe.

Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alijiwa na mtu mmoja wa Ansari akiomba msaada. Imesimuliwa katika Sunan Abu Daud kwamba alimwuliza ana nini nyumbani, akaletewa nguo na chombo cha kunywea maji, akavinadi kwa dirhamu mbili. Dirhamu moja ilikuwa ya chakula cha nyumbani; kwa ile ya pili akamwagiza anunue shoka, naye Mtume s.a.w. akatia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia aende akakate kuni wala asimwone kwa siku 15. Mtu yule alirudi akiwa amechuma dirhamu 10. Tazama jinsi Mtume s.a.w. alivyouliza kwanza, kisha akampatia chombo cha kazi, kisha akaondoka njiani mwake!

Padri mmoja Mkatoliki, Ivan Illich, mzaliwa wa Vienna, aliwahutubia wanafunzi wa Marekani mjini Cuernavaca, Mexico, mwezi Aprili 1968. Walikuwa wakijiandaa kukaa vijijini wakati wa likizo. Aliwaambia bila kuficha kwamba ni heri wasije kusaidia, kwani hata lugha ya wale wanaotaka kuwasaidia hawaijui. Mimi naona alivuka mpaka, maana kijana asiyewahi kuiona shida ya mwenziwe atakuwa mtu mzima wa namna gani? Lakini swali lake halijajibiwa mpaka leo.

Sasa nije kwenye lile linalonikera zaidi. Nchini Kambodia, kati ya mwaka 2005 na 2010, nyumba za kulelea watoto ziliongezeka kwa asilimia 75. Je, mayatima ndio waliozidi? Hasha! Wengi wa watoto waliomo walikuwa na mzazi aliye hai. Waliozidi ni wageni wenye fedha waliotaka kuwaona mayatima, na penye mnunuzi hapakosi muuzaji. Mzazi maskini akiahidiwa shule na chakula humtoa mwanawe. Bunge la Australia lilipochunguza utumwa wa siku hizi, ripoti yake ya mwaka 2017 ililitaja jambo hili. Mwaka huo huo Kenya ilisimamisha uandikishaji wa nyumba mpya za watoto, na Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likazitaka nchi zichukue hatua. Na mtoto je? Wiki hii ampenda dada mmoja, naye aondoka akilia; wiki ijayo aja mwingine.

Mtume wetu s.a.w. alikuwa yatima. Alipofiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka sita hivi, babu yake Abdul Muttalib alimchukua, na babu alipofariki, ami yake Abu Talib. Alilelewa ndani ya ukoo, na watu waliomjua kwa jina. Yeye aliyeahidi kuwa karibu mno Peponi na mlezi wa yatima, kama vidole viwili vilivyo jirani, alisema juu ya mlezi, wala si juu ya mpita njia.

Ati mgeni hana faida? La. Walipochimba handaki Madina mwaka wa 5 Hijria, shauri lilitoka kwa mgeni, Salman Farsi r.a., aliyejua jambo ambalo Waarabu hawakulijua. Naye alikwisha kukaa nao na kusema lugha yao.

Basi, mwalimu mkuu, barua yao ikikufikia usiijibu siku ile ile. Keti na kamati ya shule pamoja na mafundi wa kijiji. Ikiwa haja ni saruji na ujira wa fundi, andikeni hivyo, mkitaja na bei. Ikiwa vijana wapenda kuja, waje kama wanafunzi: wafundishwe kuamkia wakubwa, walale majumbani mwa watu, wachote maji na wenzao, wampokeze fundi matofali naye fundi ayapange. Na wakiuliza iko wapi nyumba ya mayatima wapate kuitembelea, waambieni hapa kuna shangazi anayewalea watoto watatu wa marehemu kaka yake, na anahitaji karo na sare za shule. Karo ipelekwe shuleni kwa jina la kila mtoto, wala watoto wasiitwe darini wala uani kupigwa picha.