Sahani Hairudi Tupu

Usiku wa Diwali ninaoukumbuka kuliko yote haukuwahi kuwapo. Ndani yake mvua ya vuli inazima taa za udongo barazani, na bibi anazijaza samli upya, moja baada ya nyingine. Shangazi amechuchumaa kizingitini, anachora ua kwa unga wa rangi. Mimi niko pembeni nasokota pamba iwe utambi. Picha imetimia, hata harufu ya fataki zilizolowa imo. Ila shangazi aliolewa akahamia Nairobi kabla vidole vyangu havijajua kusokota utambi. Nimeshona pamoja vipande vya siku mbili, labda tano, nikalivaa vazi hilo miaka yote bila kuuona mshono.

Je, huo ni uongo? Siamini hivyo. Harusi hutokea mara moja, nayo hukumbukwa kwa siku yake. Sikukuu hurudi kila mwaka katika usiku uleule usio na mwezi, kwa taa zilezile na vyakula vilevile, mpaka akili ya mtoto inaacha kuhesabu miaka. Kinachobaki ni umbo la sikukuu, na umbo hilo ni la kweli ingawa hakuna tarehe moja inayolibeba lote.

Tuliishi Ngamiani, Tanga, nyuma ya duka la kanga la baba. Mtaani walituita Mabaniani, na majirani zetu karibu wote walikuwa Waislamu. Siku inayofuata Diwali ni mwaka mpya wa Wagujarati, nasi husalimiana kwa kusema “Saal Mubarak”. Mama wa nyumba ya pili aliiitikia salamu hiyo bila kufundishwa na mtu, kwa kuwa neno la baraka lilikuwa lake pia. Mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea sinia lililofunikwa kawa: chevda, ladu, na ghughra zenye umbo la mwezi mchanga. Siku mbili tatu baadaye sinia lilirudi na kaimati, au tambi za nazi. Nyama haikuwamo kamwe, maana alijua hatuli, na hakuwahi kutufanya tumkumbushe. Sahani ya jirani hairudi tupu. Nilidhani ni sheria ya dini zote mbili.

Ukubwani niligundua kwamba wazee wetu walilitafakari sana jambo la kukumbuka. Kwa Kisanskriti, Veda huitwa shruti, yaani kilichosikiwa. Mahabharata, Ramayana na vitabu vya sheria huitwa smriti, yaani kilichokumbukwa. Sehemu kubwa ya urithi wetu, basi, imepewa jina la kumbukumbu yenyewe. Hata hivyo wanafalsafa wa Nyaya, waliochambua kwa makini njia za mtu kujua jambo, waliikataa kumbukumbu isiwe mojawapo. Kuona ni njia ya kujua, na kukisia kutokana na dalili pia ni njia. Kukumbuka hurudisha tu kile kilichokwisha kujulikana, hakuongezi kitu.

Hoja hiyo ilinichoma, kwa sababu ya Diwali ya 1971.

Usiku wa Diwali wafanyabiashara wa Kigujarati huyafanyia ibada madaftari yao ya hesabu. Daftari jipya lenye jalada jekundu la kitambaa hufunguliwa mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema, juu ya ukurasa huwekwa tambuu, popoo na sarafu, kisha neno “Shri” huandikwa mara moja, chini yake mara mbili, chini yake mara tatu, mpaka maandishi yanasimama kama kilima. Miaka yote baba aliandika huku baba mdogo akimshikia taa. Lakini mwaka ule majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja yalitaifishwa nchini (hata hilo neno laki lilivuka bahari kutoka Bara Hindi), na jamaa wengi wa mitaa yetu wakaanza kuhama. Baba mdogo alikuwa ameshakwenda Leicester na watu wake. Taa nilishika mimi. Katikati ya kilima mkono wa baba ulisimama, ukakaa muda mrefu. Nilidhani wino umekwisha.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mzazi, nilifahamu: alikuwa akimlilia mdogo wake. Basi nikawajibu wale wa Nyaya kimoyomoyo kwamba kumbukumbu yangu imeniletea jambo ambalo sikulijua nilipoliona. Wangenijibu kwa upole kwamba hilo ni kisio, na kumbukumbu imelipa tu mahali pa kusimama. Wangekuwa na haki. Lakini nalifikiria lile sinia. Kilichotoka kwetu kilikuwa ladu, na kilichorudi kilikuwa kaimati. Sahani ilikuwa ileile, isipokuwa ilikuwa imekaa kwa mtu mwingine. Nami nilipomrudia yule mtoto aliyeshika taa, nilikuwa tayari mtu mwingine, mwenye jiko lake.

Daftari lile ninalo. Nililifungua baada ya mazishi ya baba, nikazihesabu safu: saba, zimetimia zote. Safu nne za kwanza ni za wino wa bluu. Kuanzia ya tano, wino ni mweusi.

Huenda basi mtoto alisema kweli, wino ulikuwa umekwisha. Huenda kalamu na moyo viliishiwa pamoja. Nimeugusa ukurasa kwa kidole pale rangi inapobadilika, na haunijibu. Ila tangu siku hiyo namwona baba akiinuka kwenda chumbani kutafuta kalamu nyingine, anakawia, nami nimebaki peke yangu mbele ya safu nne, samli ya moto inanichuruzikia vidoleni. Zamani sikuikumbuka picha hii.