Rangi Iliyojiendea

Kumwaga rangi za akriliki si kama kupaka. Unachanganya kila rangi na gundi nyeupe na maji kidogo hadi iwe kama uji mwepesi, unazitia zote kwa kikombe kimoja, unamwaga juu ya kanvasi, unaiinamisha huku na huku. Halafu unawacha. Ukianza kuchokoachokoa na kijiti, unapata matope.

Juzi mtu aliniuliza bei ya picha moja niliyomwaga hivyo, nikakwama. Namuuzia nini hasa, kazi yangu ama bahati yangu?

Mchoraji wa Meksiko, David Alfaro Siqueiros, alifundisha mbinu za kumwaga rangi New York mwaka 1936, na Jackson Pollock alikuwa mmoja wa waliohudhuria. Lakini hata bahati ina sababu. Rangi nzito ikikaa juu ya nyepesi, huzama. Ile nyepesi hupanda, na hapo ndipo madoa huzaliwa. Nyeupe ya titani ni nzito. Nikiimwaga juu ya nyeusi, nimeshaamua mengi kabla ya kuondoa mkono.

Ndiyo maana siamini ati kuachilia ni kunawa mikono. Mzazi pia hachagui kila hatua ya mwanawe, na bado huitwa shuleni. Picha ikiwa mbaya, sitaisingizia rangi. Ikiwa nzuri, sitajisifu kwa kila doa.

Basi nilitaja bei, na nikatia sahihi.