Halali ya Nyama na Ihsani ya Mkono

Amma baad. Imetufikia barua kutoka kwa ndugu yetu mmoja, kijana mzaliwa wa mji wetu huu, ambaye sasa akaa Marekani pamoja na ahli zake. Huko aliko, sheria yaruhusu kuwinda kulungu kwa msimu maalumu na kwa leseni, naye huwinda kwa upinde wa mti, ule wa kale usio na kapi, na nyama yake huila yeye na watoto wake. Asema kwamba madukani kwauzwa vyembe vya mishale vya namna nyingi: viko vya makali mawili, viko vya makali matatu na manne, na viko ambavyo makali yake hukunjwa ndani, yakakunjuka pale mshale unapogonga. Auliza: ni kipi katika hivi kilicho karibu zaidi na Sharia?

Barua iliposomwa katika darsa, baadhi ya wenzetu walitabasamu. Walisema: sisi na uwinda wapi na wapi? Katika nchi yetu ya Kenya uwinda umepigwa marufuku tangu mwaka 1977, na mtu wa mji hajui hata upote wa upinde hufungwaje. Twamwona kijana huyu kama aliyeuliza jambo la mbali. Lakini sisi tulipoitafakari barua yake tuliona kwamba hakuna swali lililo karibu nasi kuliko hili. Na mwenye kusoma mpaka mwisho ataona kwa nini.

Tuanze na hukumu, kwani hukumu ndiyo mlango. Adi bin Hatim (r.a.), mwana wa yule Hatim wa kabila la Tai aliyesifika kwa ukarimu, alimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kuwinda kwa mi'radhi, yaani fimbo ya mshale isiyo na chembe. Jawabu aliyopewa, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, maana yake ni kwamba ikimpata mnyama kwa ncha yake ikamtoboa, basi na aliwe. Na ikimpata kwa ubavu wake ikamwua, huyo ni mnyama aliyekufa kwa kupigwa, wala haliwi. Na mnyama aliyekufa kwa kupigwa ametajwa katika aya ya 3 ya Suratul Maida pamoja na mizoga mingine iliyoharamishwa. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ametaja katika Minhaji kwamba mawindo yaliyouawa kwa uzito wa kitu, au kwa mshale usio na chembe wala makali, ni haramu. Basi kanuni ni moja: yapasa mnyama afe kwa kukatwa na makali, asife kwa kishindo wala kwa uzito.

Kadhalika, katika hadithi ya Rafi' bin Khadij (r.a.) jino na ukucha vimetolewa katika vyombo vya kuchinjia, na kwa madhehebu yetu ya Shafi mfupa wote waingia humo. Kwa hivyo chembe cha mfupa hakifai, hata kiwe kikali namna gani. Na sumu nayo haifai. Wako watu wa nyuma ya pwani yetu, Wasanye na wengineo, waliokuwa mashuhuri kwa mishale yao iliyopakwa uchungu; lakini mnyama akifa kwa makali na sumu pamoja, zimekutana sababu mbili, moja yenye kuhalalisha na moja yenye kuharamisha, na zikikutana hivyo huwa na nguvu ile yenye kuharamisha.

Sasa twaa vyembe alivyovitaja ndugu yetu. Vyote ni vya chuma, vyote vyatoboa, vyote vyakata. Kwa upande wa uhalali wa nyama, makali mawili na makali matatu ni sawasawa, maadamu mpigaji ni Muislamu, amelitaja jina la Mwenyezi Mungu, na kilichoua ni ukali wa chuma.

Wengi wetu hukomea hapa. Tukishajua kwamba kitu ni halali, huifunga kitabu tukaenda zetu. Na hapa ndipo penye maradhi ambayo tumeyakalia miaka mingi. Kwani yule yule aliyetufundisha nini kiliwe, alitufundisha pia kwamba Mwenyezi Mungu ameandika ihsani katika kila jambo. Shaddad bin Aus (r.a.) alilipokea hilo, nayo imo katika Sahihi Muslim: kwamba hata katika kuua tuue kwa uzuri, na katika kuchinja tuchinje kwa uzuri, na kila mmoja anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Zingatia, ewe msomaji: katika mambo yote ya ihsani ambayo yangeweza kutolewa mfano, mfano uliotolewa ni kunoa kisu. Ni kazi ndogo, yafanywa kabla ya tendo, na aghlabu yafanywa pasipo mtu wa kuona. Hakuna atakayemsifu mtu kwa kisu alichokinoa usiku jikoni mwake.

Basi uhalali ni sifa ya nyama, na ihsani ni sifa ya mkono. Yawezekana nyama ikawa safi mbele ya mwenye kula, na mkono ulioiandaa ukawa na la kujibu mbele ya Mola wake.

Kwa mizani hii ya pili, vyembe havilingani tena. Risasi huua kwa nguvu nyingi na kwa mshindo. Mshale hauna nguvu hiyo. Mshale huua kwa kukata mishipa na mapafu mpaka damu ikatoka. Upinde wa mti hutoa nguvu kidogo, na kila ukingo wa chembe huchukua fungu lake la nguvu hiyo ili upite katika ngozi, nyama na mbavu. Kwa hivyo chembe chembamba cha makali mawili hupenya kwa urahisi zaidi kuliko cha matatu, mambo mengine yakiwa sawa. Kikipita upande wa pili, hufungua matundu mawili, damu ikatoka kwa wingi, na mwindaji akapata alama za kumfuatia mnyama. Chembe cha makali matatu hufungua jeraha pana zaidi, hatukatai. Lakini jeraha pana lisilofika mapafuni ni mateso bila mauti. Na kile chenye makali ya kukunjuka hutumia sehemu ya nguvu kwa kukunjuka kwenyewe. Huenda kikawafaa wenye pinde za kisasa zenye kapi, ambazo nguvu zake ni nyingi, lakini kwa upinde wa mti ni kujipunguzia kile ambacho tayari ni haba.

Wajuzi wa kazi hii huko Marekani waliyajua hayo zamani. Howard Hill, mpiga mshale mashuhuri aliyefariki mwaka 1975, alishikilia chembe cha makali mawili ambacho urefu wake ni mara tatu ya upana wake, kiingie kama kisu kirefu. Na sheria za baadhi ya majimbo ya huko zakataza chembe chenye miba ya kurudi nyuma, na zaweka upana usiopungua inchi 7/8. Hawa si watu wa madhehebu yetu, wala hawakusoma hadithi ya Shaddad. Lakini katika jambo hili wamefika mahali ambapo sisi tungepaswa kuwa tumeshatangulia.

Iko na sababu nyingine, nayo kwetu ndiyo kubwa. Chembe cha makali mawili cha kipande kimoja cha chuma hunolewa kwa urahisi na mwenyewe, kwa tupa na kinoo na ngozi ya kusugulia. Makali mazuri hukata mshipa sawasawa, damu isikome. Makali butu huusukuma mshipa kando au huurarua, na kilichoraruka huganda upesi, mnyama akaenda kufa mbali na pole pole. Mwenye chembe kama hiki hana udhuru. Hawezi kusema kwamba duka lilimwuzia kibovu, maana kinoo kimo mkononi mwake.

Lakini twamwambia ndugu yetu: usidhani kwamba chuma chako kitakutosheleza. Hakuna chembe kinachosamehe shabaha mbaya. Mnyama akiwa mbali kuliko pale unapokuwa na yakini na mkono wako, au akiwa amekaa upande ambao huwezi kuyafikia mapafu, basi shusha upinde. Mshale usioupiga huenda ukawa ndio ihsani yako kubwa ya siku ile. Ukishampiga, mfuate wala usichoke. Ukimkuta angali na uhai uliothibiti, mchinje; ukiacha kumchinja nawe waweza, akafa, usimle. Ukimkuta ameanguka majini akafa, mwache, kwani hujui kama ni maji yaliyomwua au ni mshale wako. Na haya yamo katika hadithi za huyo huyo Adi. Na kama haja yako ni pembe za kutundika ukutani au picha ya kuonyesha marafiki, hapo hapana chembe chochote kitakachokusaidia. Ibn Umar (r.a.) aliwapita vijana waliomfunga ndege wakimlenga kwa mishale, akawaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Roho ya mnyama haikuumbwa iwe mchezo wetu.

Sasa twarudi kwetu, kwa wale waliotabasamu. Sisi hatupigi mshale, lakini je, hatuna visu? Itazameni siku ya Idi katika mitaa yetu. Kisu kimoja chazungushwa nyumba sita, na kufika nyumba ya nne hakikati hata kitunguu. Mbuzi wa mwisho alazwa pale pale penye damu ya wenziwe, akiwaona. Kisu chanolewa mbele ya macho yake. Mwenye kuchinja ataja Bismillahi kwa sauti nzuri, na watu wote waridhika. Ndugu zetu, Bismillahi hainoi kisu. Jina la Mwenyezi Mungu halikuwekwa ili lifunike uvivu wetu. Limewekwa ili tukumbuke kwamba roho hii si mali yetu, na kwamba twaichukua kwa idhini tu. Na wanazuoni wetu wamesema kwamba kisu butu, kikiwa hakikati ila kwa nguvu ya mkono wa mchinjaji, hapo hata uhalali wenyewe waingia mashakani. Basi yule aliyedhani amekomea kwenye halali, huenda hata huko hakufika.

Wala hatusemi haya kama watu waliosalimika. Mwaka mmoja tuliitwa kuchinja katika nyumba ya mtu mwenye heshima, tukapewa kisu cha nyumba. Tulikishika tukajua kwa kidole kwamba si kikali kama inavyopasa. Watu walikuwa wamesimama, mwenye nyumba anatungoja, nasi tuliona haya kusema, "Leteni kinoo." Tukachinja. Kisu kilikata, na masharti yalitimia. Lakini yule mbuzi alitaabika zaidi ya ilivyokuwa lazima, naye alitutazama. Nyama ilikuwa halali, ikaliwa na watu wakashukuru. Sisi ndio tulioondoka na deni. Tuliwaonea haya wanadamu katika jambo ambalo tungemwonea haya Mwenyezi Mungu, na tangu siku hiyo hatutoki kwenda kuchinja ila na kisu chetu wenyewe, kilichonolewa tangu usiku.

Kwa hivyo jawabu letu kwa ndugu yetu ni hili. Vyembe vyote vya chuma chenye makali vyahalalisha nyama kwa masharti yake. Lakini kwa upinde wako wa mti, chagua cha makali mawili, kilicho imara na cha kipande kimoja, ukinoe kila utokapo, na usikiamini chuma kuliko unavyoichunga nafsi yako. Na jawabu letu kwa wenzetu wa hapa ni kwamba kijana huyu, aliye mbali na misikiti yetu na darsa zetu, amekaa akafikiri juu ya maumivu ya mnyama ambaye bado hajamwona, akaandika barua kuuliza. Ni wangapi katika sisi tumewahi kuuliza, kabla ya Idi, kisu kiko katika hali gani?

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie katika wale wanaotenda kwa uzuri pale wanapoonwa na pale wasipoonwa. Wabillahi tawfiq.