Kuku Naye Anataka Kazi

Mahindi yakichipua, kuku tunawafungia wasimalize miche ya jirani. Ni haki kabisa. Lakini kuku ameumbwa kuchakura. Akikosa pa kuchakura humgeukia mwenzake, akamdonoa manyoya ya mgongoni mpaka damu itoke. Tunasema ana roho mbaya, kumbe hana kazi! Rundika maganda makavu ya mbaazi kwenye kona ya banda, tupia punje chache ndani yake, uone watakavyoyafumua. Ning'iniza fungu la sukuma wiki kwa kamba, juu kidogo ya vichwa vyao, walirukie. Wawekee majivu na udongo mkavu wajigaragaze, utitiri upungue. Leo, kabla hujatoka, anza na hilo fungu la mboga.